Macho Yaliyo Nyuma ya Kamera

Nchi jirani za Kenya na Uganda zimekwisha kuweka kamera za usalama katika miji yao mikubwa, na sababu zilizozifanya ziweke kamera hizo hazikuwa za mchezo. Nchini Kenya, mwezi wa Septemba 2013, magaidi waliyavamia maduka ya Westgate jijini Nairobi na kuwaua watu 67. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, serikali ya nchi hiyo ilitia saini mkataba na kampuni ya simu ya Safaricom wa kuwajengea polisi mtandao wa mawasiliano wenye kamera 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa. Gharama yake ilikuwa karibu shilingi bilioni 15 za Kenya.

Nchini Uganda, tarehe 17 Machi 2017, Andrew Felix Kaweesi, afisa wa ngazi ya juu na msemaji wa Jeshi la Polisi, alipigwa risasi jijini Kampala akiwa ndani ya gari. Walikufa pamoja naye mlinzi wake na dereva wake. Baada ya mauaji hayo Rais Yoweri Museveni aliagiza kamera ziwekwe katika miji na kwenye barabara kuu. Mkataba uliofungwa na kampuni ya Huawei ya China ulikuwa wa dola milioni 126 za Marekani, na mwezi wa Novemba 2019 Rais huyo alikizindua kituo kikuu cha kuziongoza kamera hizo huko Naguru, Kampala.

Hesabu hizo zote ni hesabu za vyombo. Zimehesabiwa kamera, nguzo, nyaya na fedha. Lakini kipo kitu kimoja ambacho ni nadra kutajwa katika hesabu za namna hiyo, nacho ndicho kinachoamua kama fedha hizo zimezaa matunda ama zimeteketea bure. Kitu hicho ni macho ya askari anayekaa mbele ya skrini.

Kamera haioni. Kamera hupokea mwanga na kuupeleka mahali pengine, kama bomba linavyopeleka maji. Anayeona ni binadamu. Ni kweli kwamba siku hizi ziko mashine zinazosoma namba za magari na kulinganisha sura za watu. Lakini hata mashine hizo, zikishtukia jambo, humwita binadamu aje athibitishe. Mwizi akipita mbele ya kamera nzima, yenye picha safi, na askari aliyekabidhiwa picha hiyo akawa macho yake yameingia ukungu, basi mwizi huyo amepita. Siku ya pili kanda itarudishwa nyuma, naye ataonekana wazi akiruka ukuta. Ataonekana, lakini atakuwa amekwisha kwenda zake.

Uchukuliwe mfano mmoja mwepesi. Kama kamera 1,800 zingegawanywa ili kila askari aangalie picha 20, wangehitajika askari 90 kwa wakati mmoja. Kwa zamu tatu za usiku na mchana wangehitajika 270, bila kuhesabu wagonjwa na walio likizo. Picha 20 kwa macho mawili ni mzigo usio haba. Kwa hiyo kila chombo kinachonunuliwa kinaongeza mzigo juu ya macho yale yale ambayo Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu, na macho hayo hayaongezeki kwa zabuni.

Wala jambo hili si la majirani peke yao. Katika vituo vya pamoja vya mipakani, kama Holili na Rusumo vilivyofunguliwa mwaka 2016, na Namanga kilichozinduliwa mwaka 2018, maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na sehemu kubwa ya kazi yao hupita katika kompyuta. Wako pia askari wa rada, askari wa mawasiliano, wakaguzi wa mizigo katika viwanja vya ndege na bandarini, na askari wa kituoni anayeandika majalada kwenye kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Awe Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mnyarwanda, jicho lake ni la aina moja, na huchoka kwa sababu zile zile. Ndiyo maana inafaa sababu hizo zifahamike.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, imo lenzi laini iliyozungukwa na msuli mdogo. Mtu anapotazama mlima ulio mbali, msuli huo hulegea na kupumzika. Anapotazama kitu kilicho karibu, msuli hujikaza ili lenzi inenepe na kitu hicho kionekane sawasawa. Wakati huo huo misuli mingine huyavuta macho yote mawili yaelekee upande wa pua. Mtu akitazama skrini kwa saa tatu mfululizo, misuli hiyo hukaa imekazwa saa tatu mfululizo.

Mwanajeshi anajua vizuri maana ya msuli uliokazwa bila kulegezwa. Bunduki haimlemei kwa dakika moja. Lakini aambiwe ainyooshe mbele kwa mkono mmoja, naye asiishushe. Punde mkono utaanza kuuma, kisha utatetemeka, na mwishowe utaanguka hata kama mwenyewe hataki. Hakuna kamanda atakayesema kwamba mkono ule ni mwoga au mvivu. Atasema umechoka. Msuli wa jicho nao ni msuli, na haupokei amri inayopita uwezo wake.

Sababu ya pili inahusu kope. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia, wakimaanisha kuwa hakuna awezaye kuyazuia macho yasitazame kilicho mbele yake. Hiyo ni hekima ya mambo ya watu. Kwa upande wa afya, macho yanalo pazia, nalo ni kope. Kila mara kope inapofumba na kufumbua, hutandaza juu ya jicho utando mwembamba wa machozi. Utando huo una maji, na juu ya maji hayo pana mafuta kidogo yanayoyazuia yasikauke upesi. Pazia hilo likikawia kufungwa, utando hukatika na uso wa jicho hukauka.

Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Japani, Kazuo Tsubota na Katsu Nakamori, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa maofisini. Waliona kwamba mtu aliyetulia, asiye na kazi ya kutazama kitu, hupepesa kope kwa wastani mara 22 kwa dakika. Akisoma kitabu, hupepesa mara 10. Akisoma maandishi kwenye skrini ya kompyuta, hupepesa mara 7 tu. Juu ya hayo, msoma kitabu hutazama chini na kope zake hufunika sehemu ya jicho, lakini mtazama skrini hutazama mbele, macho yakiwa wazi kabisa. Chumba kikiwa na kiyoyozi au feni inayompulizia usoni, jicho hukauka kama nguo iliyoanikwa uani.

Dalili zake kila askari wa skrini anazijua, hata kama hajapata kuzitaja mbele ya mkubwa wake. Macho huwasha na kuchoma kana kwamba yameingia mchanga. Huwa mekundu. Pengine hutiririka machozi, jambo ambalo huwashangaza watu, kwani wanajiuliza jicho kavu litatoaje machozi. Kumbe jicho lililokauka huumia, na likiumia hujitetea kwa kumwaga machozi mepesi yasiyokaa. Maandishi huingia ukungu. Akiinua uso kutazama mbali, huchukua muda kabla hajaona sawasawa. Kisha huja maumivu ya kichwa, ya shingo na ya mabega.

Inafaa isemwe wazi, kwa sababu ziko hofu nyingi zinazoenezwa: uchovu huo haupofushi. Haujajulikana kumharibia mtu jicho moja kwa moja, na kwa kawaida huondoka macho yakipumzishwa. Lakini mlinzi si mtu wa kungoja apofuke ndipo ahesabiwe kwamba hakuona. Sekunde tano za ukungu, saa nane ya usiku, zinatosha kuifanya zamu nzima ya kulinda iwe kazi bure.

Kuna uchovu mwingine unaofuatana na huo kama pacha wake, nao ni uchovu wa akili inayongojea. Huu uligunduliwa vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Uingereza zilikuwa zikiruka juu ya bahari zikitafuta nyambizi za Wajerumani kwa rada. Askari wa rada alikaa saa nyingi akitazama kioo kisichoonyesha kitu, akingojea alama ndogo ambayo huenda isitokee kabisa. Ikaonekana kwamba alama nyingine zilitokea na askari hakuziona, ingawa macho yake yalikuwa wazi.

Mtaalamu mmoja wa huko, Norman Mackworth, aliyefanya kazi Cambridge, alitengeneza kipimo chepesi. Aliwaweka watu mbele ya saa yenye mshale mmoja uliokuwa ukiruka hatua moja kila sekunde. Mara chache, bila taarifa, mshale uliruka hatua mbili kwa pamoja, na mtazamaji alitakiwa kubonyeza kitufe. Kazi yenyewe ilichukua saa mbili. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948, Mackworth alionyesha kwamba baada ya nusu saa ya kwanza watu walianza kukosa alama nyingi zaidi kuliko mwanzo. Hawakuwa wamelala, wala hawakuwa wazembe. Wengi wao walikuwa vijana wa jeshi wenye afya njema.

Lakini Mackworth hakuishia kwenye kuonyesha udhaifu. Alionyesha pia dawa yake. Watu waliofanya kazi nusu saa, wakapumzika nusu saa, kisha wakarudi, waliona karibu kama walivyoona mwanzo. Waliopigiwa simu katikati ya kazi na kuhimizwa, walizinduka kwa muda. Walioambiwa papo hapo kama wamepatia au wamekosa, nao hawakushuka upesi. Tangu wakati huo hakuna afisa mwenye haki ya kusema kwamba askari mwema ni yule awezaye kukodolea skrini macho zamu nzima bila kupokewa. Askari wa namna hiyo hayupo. Aliyepo ni askari anayeonekana kutazama.

Nchi za Ulaya zimeyaingiza mafunzo hayo katika sheria. Katika viwanja vya ndege vya Umoja wa Ulaya, mkaguzi anayetazama picha za eksirei za mizigo kwa kawaida haruhusiwi kuzitazama kwa zaidi ya dakika 20 mfululizo. Baada ya hapo lazima akae dakika 10 au zaidi bila kutazama picha. Na tangu mwaka 1990 umoja huo una agizo kuhusu kazi za skrini. Mfanyakazi ana haki ya kupimwa macho kabla ya kuanza kazi hiyo, kisha kila baada ya muda, na tena akipata shida. Akihitaji miwani maalum kwa kazi hiyo, halazimiki kuigharimia yeye. Na mwajiri hana budi kuipanga kazi ili iwe na vituo vya mapumziko au mabadiliko ya shughuli.

Hakuna katika hayo jambo linalohitaji mkopo wa benki. Nchi iliyoweza kununua kamera kwa mabilioni haiwezi kushindwa kuandika orodha ya zamu yenye akili. Na hapo ndipo jambo hili linapowahusu makamanda.

Wajibu wa kwanza wa mkuu wa kikosi au wa kituo ni kuhesabu mapumziko ya macho kuwa sehemu ya lindo. Askari anayechunga skrini hawezi kugeuza uso apendavyo, kwani mwizi hangoji. Kwa sababu hiyo skrini ya kulinda isiachiwe mtu mmoja. Wawe wawili, wapokezane kila nusu saa au mapema zaidi, na yule anayepokewa apewe kazi ya miguu na mikono: kuandika kitabu cha matukio kwa kalamu, kupiga simu za vituo, kuzunguka uani. Kwa mpango huo hakuna saa ya lindo inayopotea, na kila saa ina macho yaliyo mapya.

Wajibu wa pili ni kukitazama chumba chenyewe. Skrini iwe mbali na macho kwa kadiri ya sentimita 50 hadi 70, yaani karibu urefu wa mkono ulionyooshwa. Sehemu yake ya katikati iwe chini kidogo ya usawa wa macho, sentimita 10 hadi 15, ili kope zifunike sehemu ya jicho. Dirisha lisiwe nyuma ya skrini wala nyuma ya mtazamaji, bali ubavuni, ili mwako wa jua usimwingie machoni wala usiakisiwe kwenye kioo. Mwangaza wa skrini ulingane na mwangaza wa chumba. Kioo kifutwe vumbi. Herufi zikuzwe. Feni igeuzwe isimpulizie mtu usoni. Mambo hayo saba yanaweza kutimizwa na koplo mmoja kwa asubuhi moja, bila kuandika barua ya maombi makao makuu.

Askari mwenyewe naye ana wajibu wake. Anayefanya kazi ya kompyuta isiyo ya lindo, kama kuandika majalada au kuhakiki pasipoti, afuate kanuni nyepesi ambayo madaktari wa macho huifundisha: kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Kama chumba ni kidogo, atazame nje ya dirisha au mwisho wa ujia. Hapo ule msuli wa ndani hulegea. Na afumbe macho taratibu, kope zikutane kabisa, mara kadhaa, kwani wanaotazama skrini si tu kwamba hupepesa mara chache, bali pia hupepesa nusunusu, na kope isiyofika chini haitandazi machozi.

Kisha asijidanganye kwa mapumziko ya uongo. Wako askari wanaopokewa kwenye skrini kubwa, wakatoka nje, wakaketi chini ya mti, na papo hapo wakatoa mfukoni skrini ndogo ya simu na kuiinamia kwa karibu zaidi kuliko ile waliyoiacha. Huyo hajapumzika. Ameweka chini gunia na kubeba debe.

Kwa askari wa lindo la usiku, simu ina hasara nyingine iliyo kubwa zaidi. Jicho la binadamu likitoka kwenye mwanga na kuingia gizani, huhitaji karibu nusu saa ili liweze kuona kwa uwezo wake wote wa usiku. Uwezo huo unaojengwa kwa nusu saa huvunjwa kwa kutazama kidogo tu kioo chenye mwanga mkali. Mlinzi aliyesoma ujumbe wa simu kisha akainua uso kutazama kichaka, kwa dakika kadhaa anatazama kiza kitupu, na adui aliyeko kichakani ameuona uso wake ukimulikwa. Ndiyo sababu majeshi hutumia taa nyekundu hafifu mahali ambapo watu watatakiwa kutoka na kuona gizani. Chembe za jicho zinazoona usiku haziathiriwi sana na mwanga mwekundu.

Ama kuhusu matibabu, jambo la kwanza ni kutafuta kama jicho linahitaji miwani. Hitilafu ndogo ya kuona, ambayo mtu aliivumilia miaka mingi shambani au katika gwaride, hujitokeza kwa nguvu akiwekwa mbele ya skrini. Na baada ya umri wa miaka 40 lenzi ya jicho la kila mtu hukakamaa, hata kuona karibu kukawa kwa taabu; ndipo mtu huanza kulisogeza gazeti mbali. Uchunguzi uliofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba karibu watu 6 katika kila 10 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na shida hiyo. Masajini na wakaguzi wengi wamo katika umri huo. Dawa yake ni miwani ya kusomea, nayo haina aibu yoyote.

Hata hivyo, aibu ipo, na inafaa itajwe. Wako askari wanaoficha hali ya macho yao kwa kuogopa kuambiwa hawafai, wakahamishwa au wakakosa cheo. Huyakariri maandishi ya ubao wa kupimia macho, husingizia kuwa skrini ni mbovu, humwomba mwenzao awasomee. Mtu wa namna hiyo anajidhuru, lakini zaidi ya hapo anawahatarisha wanaomtegemea. Naye kamanda anayemdhihaki mwenye miwani, au anayeandika neno "uvivu" kila anapoletewa malalamiko ya macho, ndiye aliyeufundisha uficho huo. Bunduki ikiwa na kasoro hupelekwa kwa fundi, na hakuna anayeilaumu bunduki. Jicho halistahili heshima iliyo chini ya hiyo.

Kwa jicho kavu, kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika chache husaidia yale mafuta ya kope kutoka. Yako pia matone ya machozi ya bandia yanayouzwa katika maduka ya dawa, ambayo hayana madhara yakitumiwa kama ilivyoelezwa.

Lakini tahadhari inahitajika sana hapo. Si kila kichupa cha matone ni machozi ya bandia. Matone ya kuondoa wekundu hulisafisha jicho kwa macho ya watu tu. Yakitumiwa kila siku wekundu hurudi ukiwa umezidi. Matone yenye steroidi ni ya hatari zaidi. Hutuliza upesi, na mgonjwa hufurahi. Lakini akiyatumia muda mrefu bila daktari yanaweza kumpandishia shinikizo la jicho na kumletea mtoto wa jicho, na hapo uchovu uliokuwa haupofushi utakuwa umetafutiwa dawa inayopofusha. Maji ya majani yaliyopondwa, maziwa na mengineyo ya namna hiyo yasitiwe machoni kabisa.

Vivyo hivyo kuhusu miwani inayosifiwa kwamba huzuia mwanga wa buluu wa skrini. Wauzaji wake wamepata fedha nyingi. Mwaka 2023 wataalamu wa jumuiya ya Cochrane walikusanya na kupima majaribio 17 kuhusu miwani hiyo, na hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida katika muda mfupi uliochunguzwa. Askari asitumie mshahara wake kununua rangi ya kioo, hali dakika 20 za kazi na sekunde 20 za mapumziko hazimgharimu kitu.

Mwisho, ziko dalili ambazo si za uchovu, na hazingoji zamu iishe. Kuona kukipotea ghafla, hata kama ni kwa jicho moja. Maumivu makali ya jicho pamoja na kutapika. Kuona vimulimuli au kivuli kama pazia linaloshuka. Kuona vitu viwili viwili kwa ghafla. Jicho jekundu linalouma na kuogopa mwanga. Au jicho lililopigwa au kuingiwa na kemikali. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa ile ile, na lililoingiwa na kemikali lioshwe kwanza kwa maji mengi safi. Na waliofika umri wa miaka 40, hasa wenye wazee au ndugu waliopata shinikizo la macho, wapimwe hata kama hawaumwi, kwa kuwa ugonjwa huo huiba kuona kimya kimya, na kinachoibwa hakirudi. Hospitali kama Muhimbili ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zina idara za macho, na hospitali nyingi za mikoa zina wapimaji.

Ndugu wapiganaji, kamera zitazidi kuongezeka huku na kwa majirani. Rada zitakuwa kali zaidi, na skrini zitakuwa pana zaidi. Hayo ni mambo ya fedha, na fedha hutafutwa. Lakini mwisho wa kila waya amekaa askari mmoja, mwenye macho mawili aliyozaliwa nayo, na taifa zima limelala likiyategemea hayo. Kamanda anayempumzisha askari huyo kwa wakati hajamdekeza, amelilinda lindo. Na askari anayesema mapema kwamba macho yake yamechoka, ili mwenzake ashike nafasi, ametimiza wajibu wake sawa na yule aliyemwona adui.